Saa ya kula iheshimiwe kazini

Wagonjwa wangu wenye ajira huanza na kichwa. Mwalimu wa sekondari anasema akisahihisha madaftari jioni anarudia mstari uleule na hauingii. Karani anasema siku hizi anawafokea watu dirishani, naye si mtu wa kufoka. Dereva wa lori la kwenda Kigali anasema akifika Nyakanazi moyo unamwenda mbio na hataki kuongea na mtu. Hata mke wake akipiga simu, anaiacha iite mpaka ikatike. Wote wanataka dawa ya kichwa, au vitamini, au wapimwe presha. Mimi ni tabibu. Nimezaliwa Ngara, upande wa Rulenge, na miaka yangu mingi ya kazi imepita Biharamulo. Swali langu la kwanza kwa watu hawa ni moja: jana ulikula nini, na saa ngapi?

Majibu yanafanana mno. Asubuhi chai ya rangi yenye sukari ya kutosha watu wawili. Saa nne chai tena, na chapati au mandazi. Mchana hakuna kitu, kwa sababu kulikuwa na kikao, au foleni ya wagonjwa, au kipindi cha saba kilifuatana na cha nane. Alasiri soda, ili siku iishe. Saa tatu usiku sahani kubwa ya wali na nyama, kisha kitanda. Dereva anatofautiana nao kidogo tu: kwake chai ni kinywaji cha kuongeza nguvu, na wali ni chipsi mayai za usiku wa manane.

Ninachoamini nakisema wazi. Sehemu kubwa ya uchovu wa akili, hasira na kukosa umakini ninaouona kwa wafanyakazi wa wilaya hizi mbili unatokana na jinsi wanavyokula, na waajiri wao wana mkono katika jambo hilo. Sisemi yote. Yupo mwenye sonona anayehitaji tiba ya afya ya akili bila kucheleweshwa. Yupo mwenye kisukari ambaye hajakijua. Yupo ambaye minyoo ya safura imemnyonya damu mpaka hawezi kusoma ukurasa mmoja bila kusinzia. Hao tunawapima na kuwatibu. Lakini wakishatoka hao, wanabaki wengi ambao vipimo vyao ni safi na maisha yao hayana raha, na wengi wao hawajala mchana tangu Jumatatu.

Kwetu, mtu akishika chembe ya moyo na kukunja uso, majirani wana jibu tayari: vidonda vya tumbo, na vidonda vimeletwa na mawazo. Madaktari wa dunia nzima nao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Kisha wakatokea Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wawili wa Perth, Australia, wakadai kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria anayeishi ndani ya tumbo, Helicobacter pylori. Hawakusikilizwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao, akaugua uvimbe wa tumbo baada ya siku chache. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki.

Sasa mfuate mwalimu wangu mchana kutwa. Saa nane kichwa kinamgonga kwa njaa. Anamtuma mwanafunzi dukani, analetewa diklofenaki, anaimeza na soda tumbo likiwa tupu. Baada ya miezi ya namna hiyo tumbo linaanza kuwaka. Anaambiwa ni mawazo, anapewa omeprazo ya kupunguza asidi ya tumbo, na anaendelea kuinunua mwaka mzima bila kupimwa bakteria na bila kuacha diklofenaki. Omeprazo ni dawa nzuri inapotumiwa kwa muda na kwa sababu. Ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12, vitu ambavyo damu na ubongo vinavitegemea. Mwalimu huyu alianza na njaa ya saa moja. Sasa ana ugonjwa, na kichwa bado hakitulii.

Mwili una njia zake za kupeleka habari kutoka tumboni hadi kichwani. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kifuani, ukafika kwenye utumbo. Watu hudhani kazi yake ni kupeleka amri za ubongo chini. Ukweli ni kwamba nyuzi zake nyingi, takriban 4 kati ya kila 5, zinapeleka habari juu. Utumbo ndio pia unaotengeneza takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na utulivu wa moyo. Hapa wauza virutubisho hurukia hitimisho: kunywa poda yetu, serotonini ipande kichwani, ufurahi. Serotonini ya utumbo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake iko hukohuko chini, kuusukuma utumbo na kuamsha mishipa ya fahamu. Anayekuuzia furaha kwenye kopo pale stendi anakudanganya.

Njia ninayoiona ikifanya kazi kwa wagonjwa wangu ni ya kinga ya mwili. Kinga ikiwashwa, hata kidogo, ubongo unabadilika: mtu anachoka, anakereka, anataka kukaa peke yake. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichukua watu wenye afya njema, wakachomwa chanjo ya taifodi. Saa chache baadaye hali ya moyo wao ilishuka, ingawa hawakuwa wagonjwa. Kila aliyeuguza mtoto mwenye homa anaijua hali hiyo. Kinga inaweza pia kuwaka chinichini kwa miezi, pasipo homa yoyote, na chakula ni mojawapo ya vitu vinavyoiwasha au kuizima.

Hapo ndipo yanapoingia matrilioni ya bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Chakula chao ni kile tusichoweza kukimeng'enya sisi, nyuzinyuzi za maharage, mboga, ndizi, mtama na dona. Wakizila wanatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Wasipozipata nyuzinyuzi hizo, ukuta huo unadhoofika na kinga inakosa utulivu. Mwaka 2014 watafiti waliwalinganisha Wahadzabe 27 wa bonde la Ziwa Eyasi na wakazi 16 wa Bologna, Italia. Wahadzabe, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, matunda pori, asali na nyama ya kuwinda, walikuwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano.

Utafiti ninaoutaja mara nyingi zaidi ni wa Kilimanjaro, kwa sababu watu wake wanafanana na sisi. Ulifanywa na watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, na ukachapishwa Aprili 2025. Waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini wakalishwa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa kizungu, cha kukaangwa na cha viwandani. Waliozoea chakula cha mjini wakalishwa ndizi, maharage, mboga na nafaka zetu. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wiki mbili zilitosha: waliohamia chakula cha kizungu damu yao ilionyesha dalili za kinga kuwaka, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Kwa waliohamia chakula cha asili mambo yalikwenda kinyume, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi la mbege nalo lilipata nafuu ya kinga, jambo ambalo halimpi mtu ruhusa ya kushinda kwenye rubisi; pombe ina hesabu yake nyingine, na ini linaijua.

Utafiti wa Moshi ulipima kinga, haukupima hali ya moyo. Hali ya moyo ilipimwa Australia, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Profesa Felice Jacka na wenzake walichukua watu 67 wenye sonona ambao chakula chao kilikuwa kibaya. Nusu wakasaidiwa na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12 kula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walikutana na mtu wa kuzungumza naye tu. Kati ya waliobadilisha chakula, theluthi moja walitoka kwenye sonona. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 8. Utafiti ulikuwa mdogo na hakuna anayedai kwamba maharage yanaweza kushika nafasi ya dawa za sonona. Kwangu unatosha kuuliza chakula kabla ya kuandika dawa, na kuendelea kuuliza baada ya kuiandika.

Na dawa nazo zina lawama yao. Mfanyakazi wa wilaya hizi akijisikia vibaya, hupita maabara ya mtaani wakati wa mapumziko. Anatoka na karatasi: taifodi na yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Karatasi kama hiyo ameipata jirani yake, mke wake, na bosi wake. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi hukosea mara nyingi. Kinaweza kumpa jibu la ugonjwa mtu asiye nao. Anapewa siprofloksasini na metronidazo, anameza siku tano au saba, miezi mitatu baadaye anarudia. Dawa hizo hazichagui. Zinaua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja, na wazuri huweza kuchukua miezi kurejea. Nimewaona watu wenye tumbo linalojaa gesi na kuharisha mara kwa mara ambao ndani ya mwaka mmoja walimezeshwa dawa za taifodi mara nyingi, bila hata siku moja kuwa na homa. Wenzangu wenye maabara na maduka ya dawa tunajuana. Tuache.

Nirudi kwenye sahani, maana hapo ndipo aibu inapokaa. Ngara inalima maharage mpaka wachuuzi wanakuja kuyanunua kwa magunia. Lakini mtu akishapata ajira, maharage yanakuwa chakula cha kukimbiwa. Yanamkumbusha bweni, yanamkumbusha wadudu waliokuwa wakielea kwenye sufuria la shule. Mgeni akija, afisa hawezi kumkaribisha maharage. Atatuma chipsi kuku. Ugali wa dona nao ameuacha kwa sembe nyeupe. Viazi vitamu ni vya watoto. Haya ni mambo ya heshima kuliko ya fedha, kwa sababu sahani ya chipsi kuku inamgharimu zaidi ya maharage ya siku kadhaa.

Mashamba nayo yalitusukuma. Mnyauko ulioipiga migomba ya mkoa wetu wa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000 ulimaliza mikungu kwenye kaya nyingi, na muhogo nao ukapata magonjwa yake. Kaya iliyokuwa ikila ndizi na maharage ilianza kununua unga wa ngano na mchele. Mama aliyekuwa akifungasha viazi na maharage ya kiporo sasa anafungasha maandazi, au hafungashi kitu.

Halafu kuna gesi. Wagonjwa wangu wananiambia kwa sauti ya chini, hasa wanawake wa ofisini: "Dokta, nikila maharage mchana, nitakaaje kwenye kikao?" Ni swali la haki na lina jibu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Anza na vijiko vichache kwa siku na uongeze taratibu kwa wiki kadhaa. Kwa wengi gesi hupungua kadiri bakteria wanavyozoea. Kunywa maji. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Sahani ya maharage, ugali wa dona, mchicha au kisamvu na ndizi mbivu inakupeleka mbali sana kwenye hesabu hiyo. Chapati mbili na chai hazikupeleki popote.

Wapo wanaonijibu kwamba wazee wetu walilima tangu alfajiri mpaka saa nane bila kula, na akili zao zilikuwa timamu. Wazee wetu walikwenda shambani na kiporo, na jioni walikula jamii ya kunde, mboga na ndizi. Wengine wananikumbusha Ramadhani na Kwaresima. Anayefunga ana daku, ana futari, ana nia, na ana watu wanaofungua pamoja naye. Muuguzi aliyeachwa peke yake na foleni ya akina mama wajawazito hajafunga. Amesahauliwa.

Na hapa nazungumza na waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Inaruhusu afanyishwe kazi wakati huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa au haiwezi kufanywa na mwingine. Ofisi nyingi zimegeuza ruhusa hiyo kuwa desturi. Vikao vinaitishwa saa saba mchana. Zahanati ina muuguzi mmoja, kwa hiyo kila siku kazi yake ni ile isiyoweza kuachwa. Walimu wanasimamia wanafunzi wakila, kisha wanaingia darasani wao wenyewe wakiwa na chai ya saa nne tumboni, na tunashangaa viboko vinapokuwa vingi kipindi cha mwisho.

Serikali imefanya kazi kubwa ya lishe kwa watoto, na ilistahili kuanzia hapo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Kagera iko juu ya wastani huo. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, na halmashauri zina maafisa lishe. Lakini afisa lishe akiingia ukumbini kuzungumzia udumavu, mezani anakuta soda, sambusa na maji ya chupa, vilivyonunuliwa kwa fungu la viburudisho la halmashauri hiyohiyo. Fungu hilo linatosha kabisa kununua karanga za kuchemsha, viazi vitamu, mahindi na ndizi mbivu kutoka kwa akina mama wa sokoni. Mkurugenzi anaweza kuliamua jambo hilo kesho asubuhi kwa barua ya aya moja.

Shuleni, walimu wachangie chakula kinachopikwa kwa ajili ya wanafunzi na wale sahani ileile. Mkuu wa shule atakayekula maharage hayo kila siku atahakikisha yamechaguliwa wadudu na kulowekwa vizuri, na hilo ni faida ya watoto kabla ya kuwa faida yake. Kwenye zahanati ya muuguzi mmoja, kamati ya afya ya kijiji iweke mtu wa kupokea kadi na kuwapanga wagonjwa kwa saa moja mchana, ili dada yetu akae chini ale. Mgonjwa wa dharura ataitiwa kama kawaida.

Madereva ni kazi ngumu zaidi. Barabara ile inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga hadi Rusumo inapita Benaco, mahali ambapo dunia ilipasikia Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja kwa mamia ya maelfu. Siku hizi Benaco ni mji wa malori. Mama lishe wa vituo hivyo wanapika maharage, kisamvu na dagaa mchana, lakini jua likizama wanafunga, kwa sababu hawana taa, hawana maji na hawana usalama. Linalobaki usiku ni karai la chipsi na friji la vinywaji vya kuongeza nguvu, na ndiyo saa ambayo malori mengi yanaegesha. Halmashauri za Biharamulo na Ngara zinatoza ushuru kwenye maegesho. Kutokana na ushuru huo ziweke bomba, taa mbili na mlinzi kwenye mabanda ya mama lishe, ili sufuria la maharage likae mekoni mpaka saa tano usiku. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe nchi nzima na vikatoweka madukani. Bomba la maji Nyakanazi ni dogo kuliko hilo.

Dereva wangu, yule asiyepokea simu ya mkewe, nilimwandikia karatasi isiyo na jina la dawa hata moja: ale maharage Nyakanazi kabla ya saa kumi na mbili jioni, abebe karanga na ndizi garini, vinywaji vya kuongeza nguvu aviache, alale kabla ya kuendelea. Nilimpima pia damu na sukari, na nikamtaka arudi safari ijayo. Aliisoma karatasi, akauliza, "Na nikichelewa kwenye mzani wa malori, dokta, nikifika saa tatu usiku, huyo mama nitamkuta?"